Kelele za Magurudumu ya Nyuma

Lori dogo la Sikio lilipotoka uani asubuhi ile, mshonaji wa ng'ambo ya barabara alinyanyua miguu kwenye cherehani akaziba masikio kwa mikono miwili. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo aligeuka na kibanio kikiwa bado mdomoni. Mbwa wa jirani, ambaye hata mwizi hamwamshi, aliinuka akajiondokea zake. Sikio aliyaona yote hayo kupitia kioo cha mbele, na moyo ukamlipuka paa. Kwa maana yeye, pale nyuma ya usukani, alikuwa akisikia mngurumo wa injini, basi.

Akakanyaga breki. Lori likasimama palepale, kama punda aliyegoma. Mshonaji akazidi kukunja uso.

Mkewe alikuja mbio kutoka langoni, mikono imejaa povu la sabuni.

"Dereva! Kelele gani hiyo? Inatia meno ganzi!"

Sikio alimtazama midomo, kama alivyozoea siku hizi, akajibu bila kupepesa macho. "Aa, viatu vipya vya breki hivyo. Vikizoeana na dramu vitanyamaza vyenyewe."

"Vitanyamaza lini? Kesho tunamhamisha binti yetu."

"Kabla ya kesho."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Hakujua lolote. Breki alizozifunga kwa mikono yake mwenyewe zilikuwa zikipiga kelele, mtaa mzima ukizisikia isipokuwa yeye, na mtu hawezi kutafuta ugonjwa asiousikia. Tena mtu mwenyewe ni huyu, aliyekula kwa sikio maisha yake yote.

Jina hilo la Sikio alipewa na mafundi wa gereji enzi nywele zake zikiwa nyeusi. Alikuwa akipita zake, mkate mkononi, anasikia injini inaunguruma ndani ya gereji, anasimama. "Hiyo valvu imelegea," anasema, anang'ata mkate, anaendelea na safari. Mafundi wanafungua kwa kumbeza, wanaikuta valvu imelegea. Baadaye wakawa wanamfuata nyumbani: mzee, hebu njoo utusikilizie. Jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye leseni na kinywani mwa mama yake, Mungu amrehemu. Naye jina la pili likampanda kichwani, tuseme ukweli. Alikuwa na msemo wake: jicho hudanganywa na rangi, mkono hudanganywa na grisi, lakini sikio halidanganywi na mtu.

Sasa sikio lilimdanganya, na lilianza taratibu. Sauti nene zilibaki: injini, radi, mlango wa lori ukibamizwa. Zile nyembamba zikahama moja moja bila kuaga. Ndege wa asubuhi walitangulia. Akadhani wamekatiwa mti wao. Ikafuata simu, kisha birika likichemka. Akajifunza kutazama watu midomo na kucheka wenzake wanapocheka. Siku moja alicheka jirani alipokuwa akimweleza kwamba amefiwa na shangazi yake, na urafiki ule haujapona mpaka leo.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Hakuwahi kufanya kazi nyingine duniani. Dereva aliyeacha kusikia, alijiambia, atanyang'anywa usukani na kuketishwa barazani kama gunia la mahindi, watoto wakimsalimia kwa kupiga kelele. Afadhali kufa. Kwa hiyo aliacha kupita gereji, maana huko wangemwita tu: mzee, tusikilizie. Na viatu vya breki za nyuma vilipoisha hadi chuma, akasema atavibadilisha mwenyewe, nyumbani, uani.

Nyumbani alikuwa na utingo wake, ambaye ndiye mkewe. Utingo wa mwisho wa kuajiriwa alipotoroka na binti wa mteja, mama huyu alijifunga kitambaa kichwani akapanda nyuma ya lori, akasema kazi ni kazi. Basi wakawa wanaitana hivyo: Dereva, Utingo. Alijua kufunga kamba na kupanga mizigo, na zaidi ya yote alikuwa na mluzi. Anaweka vidole viwili mdomoni, mluzi mmoja mrefu maana yake simama, miwili mifupi maana yake njoo. Madereva wengine walikuwa wakisimama bila kuambiwa.

Ila mluzi huo ulikuwa na kisa chake. Mwaka uliopita, wakipeleka makabati kwa mteja, Sikio alirudi nyuma na kuangusha nguzo ya ukuta mpya, rangi haijakauka. Aliteremka akiwaka. "Utingo! Mluzi uko wapi?" Mteja alikuwepo, mafundi ujenzi walikuwepo, wote wametumbua macho. Mkewe alimtazama kidogo, kisha akasema, "Nilisahau." Tangu siku hiyo kikawa kichekesho cha Sikio katika kila hafla. "Mke wangu," anasema, watu wameshaanza kucheka, "ana mdomo wa kila kazi isipokuwa mluzi!" Naye mama anacheka pamoja nao. Baada ya hapo alianza kupiga bodi ya lori kwa kiganja badala ya kupiga mluzi. Mkono, alisema, hausahau.

Adhuhuri ile Sikio alilirudisha lori uani, akaweka mawe mbele ya magurudumu, akapiga jeki. Alikuwa fundi mwangalifu, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Alifungua upande mmoja kwanza na kuuacha wa pili kama mfano, akapanga kila springi juu ya gunia kwa mpangilio ilivyotoka. Akapekua. Viatu vimekaa sawa, kile kifupi mbele na kirefu nyuma. Springi zote zipo. Grisi ipo panapotakiwa grisi, na haipo pasipotakiwa. Akasugua dramu kwa msasa, akapuliza vumbi, akafungua na upande wa pili. Hakuona kosa hata la dawa.

Binti yao alifika na mtoto mgongoni wakati babake akiwa amelala chini ya lori. Binti huyu ni muuguzi, na alikuwa amehamishiwa hospitali ya bondeni, upande wa pili wa mlima. Vyombo vyake vilikuwa vimefungwa tayari.

"Mama ameniambia habari za breki," alisema, akiinama ili babake amwone. "Baba, kwa nini nisikodi lori lingine? Safari moja tu."

Sikio alitoka chini ya lori akiwa na bisibisi mkononi. "Vyombo vya mwanangu vibebwe na mtu baki, mimi niko hai?"

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo ulivyosema."

"Basi tumwite fundi wa gereji ya kona," mkewe akaingilia. "Aje asikilize tu. Kusikiliza hakudhuru."

"Asikilize nini?" Sikio alifoka hadi mtoto akashtuka. "Yule kijana alijifunza kwa nani kusikiliza? Mimi ndiye niliyekuwa nikimsikilizia!"

Mkewe aligeukia kamba alizokuwa akizikunja. Midomo yake ilisogea kidogo, na Sikio akaisoma kama ilivyo: sikio la kufa halisikii dawa. Angeweza kugomba. Alirudi chini ya lori, maana aliogopa kwamba akianza ugomvi ule hataumaliza.

Sehemu ya mwisho ya kazi ilikuwa ile aliyoipenda kuliko zote, ya kukaza. Nyuma ya gurudumu kuna kitundu, na ndani ya kitundu kuna kigurudumu cha meno, kidogo kama kifuniko cha soda. Ukikisukuma kwa bisibisi, jino baada ya jino, viatu vinasogea karibu na dramu. Unasukuma, unazungusha gurudumu kwa mkono, unatega sikio. Viatu vikianza kugusa, dramu inanong'ona. Hapo unarudisha meno machache, kazi imekwisha. Mafundi wengine hupima kwa mkono, wakiangalia gurudumu limekuwa zito kiasi gani. Sikio aliwacheka siku zote.

Akasukuma jino, akazungusha, akatega sikio. Kimya. Akasukuma tena. Kimya. Akaendelea hivyo, kama alivyofanya mara ya kwanza, hadi mnong'ono ukamfikia kwa mbali, mzito, kama mtu anayeburuta kiti chumba cha pili. Akarudisha meno yake machache. Gurudumu lilikuwa zito mkononi, na mkono wake ulimwambia hivyo waziwazi. Akaunyamazisha. Viatu vipya vina ubishi, alijiambia.

Asubuhi ya kuhama walipakia godoro, kabati, jiko, meza, na beseni lililojaa vyungu. Mkewe alipoondoa mawe mbele ya magurudumu alibaki ameinama. Ua wao ulikuwa na mteremko mdogo, na siku zote lori likitolewa gia lilishuka lenyewe mpaka langoni. Leo lilibaki hapohapo, gia zimetolewa, breki ya mkono iko chini.

"Mbona halishuki?"

"Breki mpya."

"Dereva."

"Panda, Utingo. Jua linatukimbia."

Mkewe, badala ya kuingia mbele na binti yake kama walivyopatana, alipanda nyuma, akajibanza kati ya kabati na ukingo wa bodi, juu kabisa ya magurudumu yenyewe. Binti akaingia mbele na mtoto mapajani. Wakatoka, na mshonaji akaziba tena masikio.

Kupanda mlima hakukuwa na taabu ila lori lilikuwa zito. Sikio alishuka gia mapema kuliko siku zote, akalaumu kabati. Kila mtu aliyekuwa kando ya barabara aligeuka walipopita, na kila shingo iliyogeuka ilimchoma. Alijaribu kusikia. Aliubana mdomo, akazuia pumzi, akatega sikio la kulia, kisha la kushoto, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Injini, basi.

"Inalia hata usipokanyaga breki," binti alisema, amemgeukia.

"Itanyamaza."

Binti akageuza uso dirishani, akaegemeza paji la uso kwenye kioo, akasema maneno fulani ambayo Sikio hakuyaona. Akayasema tena. Sikio aliendelea kuendesha, macho barabarani. Alipomtupia jicho alimkuta binti anamtazama kwa namna ambayo hakuipenda hata kidogo, kama anavyomtazama mgonjwa aliyesema haumwi.

"Unasemaje?" aliuliza.

"Nilisema simama, baba," binti akajibu taratibu, sasa akimwelekea usoni. "Nimesema mara mbili."

Kabla hajapata uongo wa kumjibu, walikuwa wamefika kileleni na barabara imeanza kuteremka.

Wote waliokwisha kupita mteremko ule wanaujua. Kushoto ni ukuta wa mlima, kulia ni upepo tu, na kona zinafuatana bila kukupa nafasi ya kumeza mate. Sikio aliweka gia ya tatu, akakanyaga breki kwa kona ya kwanza, lori likatii. Kona ya pili, pedeli ikazama zaidi kidogo. Kona ya tatu ikazama nusu, laini, kama unakanyaga mto wa kulalia. Jambo hilo halikuhitaji masikio. Mguu wake ulielewa.

Hapo ndipo mapigo yalipoanza juu ya kebini. Viganja viwili, kwa nguvu zote. Aliyahisi kwenye kiti na kwenye usukani. Kwenye kioo cha pembeni akaona moshi mwembamba ukitoka chini ya bodi, upande huu na upande ule.

"Mama anapiga!" binti alipaza sauti.

"Najua! Mshike mtoto!"

Akakanyaga tena. Pedeli ikaenda hadi chini. Mafuta ya breki yalikuwa yamechemka kwa moto wa magurudumu ya nyuma, na kwa lori la zamani kama lile, lenye bomba moja kwa magurudumu yote, yakichemka nyuma basi na mbele hakuna kitu. Akavuta breki ya mkono, ambayo nayo hushika viatu vilevile vya nyuma vilivyokwisha kupata moto, ikashika hewa. Mbele yao, chini ya kona, mgongo wa basi ulikuwa unakaribia.

Na hapa lazima dereva apewe haki yake. Hakupiga kelele, hakufunga macho. Alikanyaga klachi, akapandisha mafuta, akalazimisha gia ya pili. Gia ikakwaruza, ikaingia, na injini ikaunguruma kwa sauti aliyoisikia hadi mifupani. Lori likapunguza mbio, lakini halikupunguza vya kutosha. Akaona upande wa mlima lundo la kokoto lililoachwa na watengeneza barabara. Akalegeza usukani kushoto, taratibu, maana ukikata ghafla kabati litakuangusha. Gurudumu la mbele likaingia kwenye kokoto, likazama. Lori likatikisika, vyungu vikagongana, kioo cha mbele kikajaa vumbi, kisha kila kitu kikasimama.

Alizima injini.

Akageuka. Binti yake alikuwa amemkumbatia mtoto kifuani, mzima, anahema. Mtoto alikuwa mzima pia. Mdomo wake ulikuwa wazi kabisa, macho yamefumbwa, uso umekunjamana, machozi yanatiririka. Alikuwa analia kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Na injini ilikuwa imezimwa. Mlimani hapakuwa na upepo wala gari; lile basi lilikuwa limekwenda zake. Sikio alimsogelea, akainamisha kichwa karibu na ule mdomo mdogo, na kilichomfikia kilikuwa uzi mwembamba wa sauti, kama wa mtoto aliye nyumba ya pili.

"Simsikii," akasema. "Mjukuu wangu analia na mimi simsikii."

Binti alimshika mkono, akaushika hivyo mpaka mama yake alipokuja kufungua mlango, vumbi tupu kuanzia kitambaa hadi kandambili, akawapapasa mmoja mmoja kuhakikisha wamekamilika.

Walimwaga maji kwenye rimu ya gurudumu la nyuma, yakaruka kwa mvuke. Wakakaa kando ya barabara wakisubiri chuma kipoe, mtoto akanyonya akalala. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua, na siku hiyo kilikuja kikachungulia dirishani kikaondoka. Sikio alikuwa ameelewa yote kabla hata hajapiga jeki, lakini alipiga jeki hivyohivyo, akashika gurudumu kwa mikono miwili akalizungusha. Halikuzunguka. Viatu vilikuwa vimelibana tangu jana. Breki hazikuwa na kasoro yoyote. Alikuwa amekaza, akakaza, akisubiri mnong'ono ambao ulikwisha kupita kitambo bila yeye, na kile alichokisikia mwisho hakikuwa mnong'ono tena, kilikuwa chuma kikiomba msamaha.

Alilala chini, akaingiza bisibisi kwenye kitundu, akarudisha jino. Na jingine. Kisha akalaza bisibisi kifuani, amelala chali, anaangalia uvungu wa lori lake.

"Utingo," aliita.

"Nipo."

"Njoo unisikilizie."

Kulisema lile neno kulimchoma kuliko kokoto zilizokuwa zikimchoma mgongoni. Mkewe akachuchumaa kando yake, akamwekea mkono mguuni, mahali pekee palipojitokeza nje. Yeye akasukuma jino, binti akazungusha gurudumu, mama akatega sikio. Kukiwa kimya, mkono ulitulia. Viatu vilipogusa, ukampiga kofi moja dogo gotini. Akarudisha nyuma meno machache. Wakahamia upande wa pili. Hapo wakawa wamezoea hata bila kuambizana, na kazi ikaenda kama vile walikuwa wakiifanya hivyo miaka yote.

Pedeli ilikuwa imerudi juu baada ya mafuta kupoa, lakini Sikio hakuiamini, na alisema wazi kwamba haiamini. Wangeteremka kwa gia ya kwanza, kama wanabeba mayai, na bondeni wangemwaga mafuta yale na kutia mapya.

"Na Jumatatu," binti alisema, uso kwa uso, polepole, "utakuja hospitalini kwangu upimwe masikio. Wako madereva wanaovaa vifaa, baba, na wanaendesha. Wasioendesha ni wale waliojificha wakaua watu."

"Nitakuja."

"Sema tena."

"Nitakuja, mama. Umeshinda."

Akautoa ufunguo mfukoni, akautazama, akamnyooshea mkewe. Kwa utani nusu na kwa kweli nusu. Mkewe aliutazama ufunguo, akautazama ule mteremko, akamrudishia ufunguo mkononi.

"Mimi nijue wapi kuendesha? Wewe mguu wako unasikia. Mimi leo nakaa mbele."

Akapanda kebini, akakaa kati ya mumewe na binti, goti lake likigusa gia. Sikio akahisi anataka kusema jambo jema na hakulipata, basi akashika lile lililokuwa karibu, kama tulivyo wanaume.

"Ila na wewe, Utingo. Ulipoona moshi kule nyuma, ungepiga na mluzi wako. Au ndiyo ulisahau tena, kama siku ile ya..."

Akakomea hapo. Kicheko alichokuwa amekiandaa kilibaki mdomoni. Aliiona nguzo ya ukuta mpya, rangi haijakauka, na mkewe amesimama nyuma ya lori. Aliuona mkono wake. Kumbe siku zote hizo katika ile picha mkono wa mkewe ulikuwa karibu na mdomo, vidole viwili bado vimelowa mate.

"Siku ile ya ukuta," akasema.

Mkewe alikuwa akimfuta mtoto vumbi kwenye nyusi.

"Nilipiga," alisema. "Mara tatu."

"Na ukawaambia watu umesahau."

"Walikuwa wamekuzunguka wote, yule mteja na mafundi wake. Mmoja wetu ilibidi awe na kosa." Akainua mabega. "Mimi sina leseni ya kunyang'anywa."

Sikio aliupangusa usukani vumbi, kipande kwa kipande. Mkewe akamwachia nafasi yake. Kisha, kiganja kikiwa wazi, akapiga dashibodi mara mbili: twende. Sikio akawasha injini, akalinasua lori kwenye kokoto kwa gia ya nyuma, nalo likateremka mlima polepole, kimya, kwa mujibu wa waliokuwa na masikio ya kulisikia.

Siku hizi ana kifaa kidogo cha rangi ya ngozi nyuma ya kila sikio, na analalamika kwamba ndege wamerudi na kelele zao. Bado anaendesha. Na kwenye hafla bado anaombwa kile kichekesho cha ukuta, naye hakatai. Anakisimulia chote, makabati, rangi mbichi, mteja aliyetumbua macho, watu wameshaanza kushika mbavu. Akifika kwenye mluzi anasema, "Alipiga. Mara tatu. Mimi ndiye sikusikia." Watu wananyamaza, hawajui wafanye nini. Anayecheka ni mkewe peke yake.